DEATH MAGNETIC: ANAYELALAMIKIA SAUTI SI MWENYE CHUKI!

Kuna mchambuzi mmoja wa muziki huko mitandaoni, jina lake libaki kapuni. Mtu akiigusa tu Death Magnetic, albamu ya Metallica ya mwaka 2008, jamaa anarusha jibu lilelile: una chuki, hujui metali, wakongwe waheshimiwe. Upande wa pili wapo wengine, nao kapuni vilevile, wanaosikiliza nusu dakika kwenye spika ya simu halafu wanatoa hukumu: wazee wamekwisha, wakalee wajukuu.

Wadau, makundi yote mawili yamechemsha.

Kwanza hao wa "wazee wamekwisha". Metallica ilianza 1981 kule Los Angeles, waanzilishi wake hawajafikisha hata miaka 20. Kufika 2008 mwimbaji James Hetfield ana miaka 45. Miaka mitano nyuma walikuwa wametoa St. Anger, albamu isiyo na solo hata moja ya gitaa, na ngoma zake zinalia kama mtu anagonga sufuria tupu. Hapo walistahili kupondwa. Lakini kwenye Death Magnetic walibadilisha prodyuza, wakamchukua Rick Rubin, na kwenye besi akaingia Robert Trujillo kurekodi albamu yake ya kwanza na bendi. Wakashusha nyimbo 10, karibu dakika 75. Solo zikarudi, tena za kutosha. Ile kasi ya thrashi iliyowapa jina ikarudi. My Apocalypse, wimbo wa kufungia, unakimbia kama basi lililokatika breki, na mwaka 2009 ukachukua Grammy ya metali. Mikono ya namna hiyo imechoka wapi?

Sasa aje huyu wa "una chuki". Asikilize The Day That Never Comes. Ni wimbo wa karibu dakika 8. Unaanza polepole, gitaa linaongea kwa upole, halafu unapanda ngazi kwa ngazi mpaka unalipuka. Ndivyo ulivyotungwa. Lakini mlipuko ukifika, badala ya kukupiga kifuani unakwaruza masikio. Ngoma zinakoroma, gitaa linachanika kama spika ya baa iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ukipunguza sauti ya redio yako bado inakwaruza, kwa sababu ubovu umo ndani ya rekodi yenyewe.

Kilichotokea ni hiki. Sauti kwenye CD ina dari yake, haiwezi kupita hapo. Mafundi wakitaka wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani, wanabana vile vilele vya sauti, kisha wanavisukuma vyote juu mpaka vinagonga dari. Kilichokuwa kidogo kinakuwa kikubwa, kilichokuwa kikubwa kinakatwa kichwa. Ni kama mtu anayeongea kwa kufoka kuanzia asubuhi mpaka usiku: hata siku akiwa na hasira ya kweli, nani atajua?

Ushahidi upo. Albamu hiyohiyo ilitoka pia ndani ya gemu la Guitar Hero III, na kule haikubanwa vile. Mashabiki wakaweka matoleo mawili sambamba, wakasikia tofauti kwa masikio yao: kwenye gemu ngoma zinapumua, gitaa lina nafasi. Yaani mtu aliyenunua kwa ajili ya kucheza alipata sauti nzuri kuliko aliyenunua kwa ajili ya kusikiliza! Maelfu wakasaini ombi kwenye intaneti albamu itengenezwe upya. Hata fundi wa masteringi, ile hatua ya mwisho kabla kazi haijaenda sokoni, alikiri kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimeshabanwa, na kwamba hakujivunia kazi ile. Naye je, alikuwa na chuki? Mpiga ngoma wa bendi, Lars Ulrich, aliitetea sauti ile. Sawa, ni kazi yake, ana haki ya kuipenda. Ila kuipenda kwake hakuzibui masikio ya mtu mwingine.

Hapo ndipo mchambuzi wetu anapopotosha watu. Aliyelalamika si adui wa Metallica. Adui angesikiliza dakika moja akazima. Huyu alisikiliza dakika 75, akarudia, akatafuta toleo lingine, akalinganisha, akaandika ombi. Hayo ni mapenzi. Shabiki anayepiga makofi kwa kila kitu hana msaada wowote kwa msanii. Atapiga makofi leo, atapiga makofi siku msanii anaporomoka, na hatajua tofauti.

Na hao wa nusu dakika wajue kitu kimoja: wanachokiita uzee ni sauti iliyobanwa. Wanawalaumu wazee kwa kosa la mitambo. Chini ya makelele yale kuna albamu ya watu wenye njaa, waliojua wamewaudhi mashabiki na wakarudi kulipa deni. Kuwaambia sauti imeharibika ndiyo heshima, maana ni kukubali kwamba walichokipiga kilistahili kusikika.

Mheshimu mkongwe kwa kumsikiliza mpaka mwisho. Akikosea, mwambie.

Wewe uko upande gani? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi hapana.