Luano, tarehe 17: uhuru hauulizi kabila



Siye wote tunajua Luano. Ni kiwanja cha ndeke, kule tunasindikizaka wenye kuondoka. Lakini ni wachache wanaosema kile kilichofanyika pale tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Siku ile, jua likianza kushuka, ndeke iliyotoka Moanda ilitua na wafungwa watatu: Patrice Lumumba, waziri mukuu wetu wa kwanza, miaka 35, Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, miaka 32, na Joseph Okito wa Senati. Walipigwa njia yote. Wakapelekwa kwa nyumba ya Brouwez, karibu na kiwanja, wakapigwa tena. Usiku ule ule wakauawa kwa masasi porini, Shilatembo, karibu kilometa 50 na muji.

Ubelgiji uko na deni lake. Tume ya bunge lao ilisema mwaka 2001 kwamba wakubwa wao walibeba mzigo wa kimaadili, na mwaka 2002 serikali yao iliomba musamaha. Mwaka 2022 walirudisha jino moja, njo kilichobaki cha mwili wake. Hayo yasemwe, na yaendelee kusemwa.

Lakini kuna swali lingine, na hili ni letu: nani aliwapokea Luano? Waliwapokea watu wa serikali ya Katanga ya Tshombe na Munongo, pamoja na wazungu wao. Wamoja walikuwa wakubwa wa muji huu huu, wanatembea kwa barabara hizi hizi. Inafaa tujue walifika namna gani pale.

Mwezi wa kumi 1958 vilizaliwa vyama viwili. Kule Léopoldville, Lumumba na wenzake walianzisha MNC, wakisema Kongo ni inchi moja. Hapa Élisabethville ilianzishwa CONAKAT. Kwa nini? Uchaguzi wa mwisho wa 1957 ulikuwa umetoa mabourgmestre ambao wengi wao walitoka inje ya Katanga. CONAKAT ikasema: Katanga ni ya wenyeji wake. Hatusemi malalamiko yao yote yalikuwa bure. Shaba ilitoka hapa, faida ilienda Brussels, na mutoto wa hapa alibaki na mikono mitupu. Lakini angalieni hasira ile ilielekezwa kwa nani: kwa jirani aliyetoka Kasai kufanya kazi, si kwa Union Minière. Na Union Minière ilifurahi. Tshombe alipotangaza kujitenga tarehe 11 mwezi wa saba 1960, kampuni ile njo ililipa kodi kwa serikali yake.

Mbele ya hapo, muji huu ulikuwa umefundisha somo lingine. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara. Walikuwa watu wa Katanga, wa Kasai, na wa mbali zaidi. Tarehe 9 walikusanyika kwa kiwanja cha mupira, askari wakawafyatulia masasi. Makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Masasi yale hayakuuliza mutu kabila. Njo pale uhuru wetu ulianza, miaka 19 mbele ya bendera.

Na Jason Sendwe? Huyu alikuwa Muluba wa Katanga, mwenyeji kabisa. Mwaka 1959 chama chake, BALUBAKAT, kiliachana na CONAKAT, kikasimama upande wa Kongo moja. Aliuawa Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1964. Ukisema Lumumba alikuwa mugeni hapa, basi utasema nini juu ya Sendwe?

Hatusemi Lumumba alikuwa malaika. Mwezi wa nane 1960 askari wa serikali yake waliua raia mingi kule Bakwanga. Damu ile pia tuiseme. Mutu anayependa uhuru hafichi mafu wa upande wake.

Kwa nini tunaandika haya leo? Kwa sababu maneno ya 1958 hayajakufa. Mwaka 1992 na 1993 yalifukuza watu wa Kasai kwa maelfu, wengine wakalala kwa gare na watoto wakingoja treni. Leo tunayasikia tena: « Bale ni bakuya, si benye inchi. » Tuko na diploma, hatuna kazi, na mara mingi swali la kwanza si « ulisoma nini » ila « uko mutu wa wapi ». Mwenye njaa anarahisishiwa adui. Anaonyeshwa jirani, na hataona tena mikataba ya mine, wala feza ya provinsi yetu inapitia wapi.

Lumumba alikuwa karani wa posta. Mpoyi alikuwa mutumishi wa kampuni. Hawakungoja kuwa na yote ili wafikiri. Siye tuliosoma unive tuko na sababu gani?

Basi tunaomba mambo matatu. Kila mwaka tarehe 17, majina ya watatu wote yasemwe kwa kila kartie, si la Lumumba peke. Jina la Mpoyi na la Sendwe lifundishwe kwa masomo ya hapa. Na mukubwa yeyote akikuja kwetu kuomba voti kwa kutukana kabila la mwengine, tumuulize mbele ya watu wote: kazi iko wapi, na shaba inaenda wapi? Asipojibu, arudi na maneno yake.

Ujumbe wa chuki ukifika kwa telefone yako, usiutume mbele. Uishie kwako.