Msiiunge fyuzi ya joto kwa waya

NYUMBA NA KAZI
Safu ya kila juma ya Mwana-Kikula

Mvua za Novemba zikishashika Likasi, kamba za nguo huhama uwanjani zikaingia barazani, na kutoka barazani zikaingia sebuleni. Suruali ya jinzi ambayo mwezi wa Julai ilikuwa imekauka kabla ya adhuhuri sasa inakaa siku mbili, na ukishika mishono yake bado ina maji. Huo ndio msimu ambao mashine ya kukausha nguo, ile iliyoshushwa na kontena la vitu vya okazioni kutoka Ulaya au iliyovushwa mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, inaonekana ina thamani. Ndio pia msimu ambao fundi analetewa mashine yenye ugonjwa unaojulikana: pipa linazunguka, upepo unatoka, joto hakuna.

Wapo wanaosema chombo hiki ni anasa ya wakubwa wa migodi. Safu hii haikubaliani nao. Katanga ina inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa, likaota jipu lenye kiumbe hai ndani. Ndiyo maana bibi zetu walipiga pasi ya makala hata nepi na nguo za ndani: joto huua yale mayai. Na nyumba isiyo na pasi wala mashine, mvua inaponyesha wiki nzima, hutundika nepi juu ya mbabula ya makala chumbani, milango imefungwa. Wazo hilo si geni. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi George T. Sampson alipewa hati ya uvumbuzi kwa fremu ya kukaushia nguo karibu na jiko. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo inaua watu waliolala. Kwa hiyo familia inayojinyima ili inunue mashine inatafuta afya. Inastahili kuhudumiwa na fundi anayejua anachokifanya.

Turudi kwenye mashine isiyotoa joto. Fundi akifungua bamba la nyuma atakuta koili ya joto ndani ya boksi la bati, na karibu yake vipande viwili au vitatu vidogo, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole gumba, vyenye nyaya mbili. Kimoja ni themostati, inayozima na kuwasha koili ili joto lisipande mno. Kingine ni fyuzi ya joto. Hiyo haiwaki tena ikishakatika. Akiichomoa nyaya zake na kuigusa kwa ncha mbili za mita, mita ikinyamaza, fyuzi imekufa. Kwenye baadhi ya mashine za Ulaya mahali pake pana kitufe chekundu au cheusi cha kubonyeza ili mkondo urudi.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Fyuzi mpya haipo Likasi, labda ipo Lubumbashi, labda iagizwe mbali zaidi, na mteja anataka nguo zake leo. Fundi anakata kipande cha waya, anaunganisha ncha mbili, anafunga bamba. Mashine inatoa joto vizuri kabisa. Mama anafurahi, analipa, anaondoka na chombo ambacho kimeondolewa ulinzi wake wa mwisho.

Fyuzi haikatiki bila sababu. Ilikatika kwa kuwa joto lilizidi, na mara nyingi joto huzidi kwa kuwa hewa haikupita. Sababu ya kwanza ni nyuzinyuzi za nguo, ile pamba ya kijivu inayojikusanya kwenye chujio, kwenye bomba la kutolea hewa na ndani ya boksi la koili. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 mashine hizi zilisababisha mioto ya nyumba ipatayo 2,900 kwa mwaka, na chanzo kilichoongoza, asilimia 34, kilikuwa kutosafisha. Hizo ni nyumba zenye umeme wa uhakika.

Sisi tuna sababu ya pili, na vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine havitusaidii sana juu yake. Mashine iko katikati ya kazi, koili ni nyekundu, nguo zimeshika joto ndani, mara SNEL, shirika la umeme, wanakata. Feni inasimama papo hapo. Joto lote lililo kwenye koili na bati halina pa kwenda, linapanda, na fyuzi iliyo pembeni inakatika hata kama chujio ni safi. Wakati huohuo nguo zinabaki zimerundikana pipani zikiwa za moto. Mtengenezaji aliweka dakika za mwisho za kupoza, pipa likizunguka bila joto, kwa makusudi. Mgao wa umeme unazifuta. Umeme ukikatika, basi, fungua mlango, toa nguo zote uzitandaze, chomoa plagi, na usiichomeke mara tu taa zinaporudi. Subiri mkondo utulie.

Inauma kuandika hivi katika mji uliokulia jirani na mabwawa. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya kampuni ya migodi ya Union Minière; Koni kikafuata chini yake mwaka 1950. Mwaka 1982 ukaja mstari wa umeme wa Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 za nyaya. Mwaka 2021 Mwadingusha kilirudi kazini baada ya ukarabati mkubwa, megawati 78. Migodi imekua haraka kuliko mitambo, na nyumba za Likasi, Panda, Shituru na Kikula zinaendelea kuhesabu saa. Hilo halitaisha mwaka huu, kwa hiyo mashine zetu lazima zitunzwe kwa kuzingatia umeme tulio nao.

Volti ndogo ya jioni ina madhara yake. Koili ya wati 2,000 kwenye volti 220, volti zikishuka hadi 170 inatoa takriban wati 1,200 tu. Nguo zinazunguka muda mrefu, mwenye nyumba anadhani koili imeoza, kumbe ni mkondo. Mota ndiyo inayoumia: inanguruma, inashindwa kuanza, inachemka. Ikinguruma na pipa likaondoka ukilisukuma kwa mkono, mara nyingi ni kapasita iliyochoka, kitu cha bei ndogo. Ikizunguka lakini pipa limetulia na ni jepesi mno kulisukuma, mkanda umekatika. Regilateri ndogo ya televisheni haiwezi kubeba mzigo huu, wala jenereta ya kawaida ya nyumbani. Kuijaribu ni kuua vitu viwili kwa siku moja.

Usafi wenyewe hauhitaji fundi. Chujio hutolewa nyuzi kila baada ya mzigo mmoja. Kila mara. Mara moja kwa mwezi lioshwe kwa maji na sabuni kwa brashi laini, kwa sababu dawa za kulainisha nguo huacha utando usioonekana. Mimina maji juu yake, yakisimama bila kupita, hewa nayo haipiti. Bomba la nyuma liwe la bati, fupi, lisilojikunja, na litoe hewa nje ya nyumba. Wengine wanalielekeza darini, na huko linajaza nyuzi kavu juu ya mbao. Kabla ya mvua za kwanza lichomolewe na kukaguliwa, maana panya na mijusi wanapenda bomba lililokaa kimya tangu Mei. Zile mashine zisizo na bomba, zinazokusanya maji kwenye tangi, mara nyingi zina chujio la pili chini ambalo wanunuzi wengi hawajui kama lipo.

Likasi ni mji wa karakana, na jambo hili linatuhusu kuliko wengine: ovaroli yenye grisi, petroli au dizeli isiingie kwenye mashine hii, hata kama imeshafuliwa. Hata vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kupikia vinaweza kujichemsha vyenyewe vikirundikwa vikiwa moto, na kuwaka saa kadhaa baadaye. Ovaroli ianikwe nje. Shati la shule na shuka la mtoto ndivyo vya mashine.

Mtu anayedhani moto wa mashine ni hadithi aikumbuke London. Tarehe 19 Agosti 2016 jengo la ghorofa 18 liitwalo Shepherd's Court, Shepherd's Bush, liliwaka kuanzia ghorofa ya saba, na zimamoto wa London wakathibitisha kwamba chanzo kilikuwa mashine ya kukausha nguo ya Indesit. Kampuni ya Whirlpool, iliyomiliki jina hilo wakati huo, ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2015 kwamba mashine milioni kadhaa zilizouzwa Uingereza tangu 2004, za Hotpoint, Indesit, Creda na nyinginezo, zina kasoro: nyuzi ziliweza kufika kwenye koili na kuwaka. Mwaka 2019 ikaanza kuzirudisha zile ambazo hazijarekebishwa, zilizokadiriwa kufikia 500,000. Mashine ambayo mwenyewe ameshaambiwa aiondoe jikoni mwake inaweza kupakiwa kontena kama chombo kingine chochote. Namba ya modeli imeandikwa ndani ya mlango au nyuma, na orodha za mashine zilizorudishwa ziko kwenye intaneti. Kuitafuta kwa simu ni kazi ya dakika chache, na muuzaji anayekataa isomwe anyimwe pesa.

Kuna pia zile zinazotoka Marekani na Kanada. Zinavutia kwa ukubwa. Lakini huko mashine hii hutumia nyaya mbili za moto pamoja na kati, koili kwenye volti 240 na mota kwenye 120, kwa mzunguko wa hezi 60. Kwetu ni volti 220, mzunguko wa hezi 50. Mota yake ikilishwa umeme wetu inaungua, na hata ikipewa transfoma itazunguka polepole na kuchemka. Kwa nyumba ya Likasi, nunua ya Ulaya au Afrika Kusini, na ile plagi nene ya Afrika Kusini yenye pini tatu za duara ibadilishwe na fundi badala ya kupachikwa adapta nyembamba.

Mafundi wa Likasi ni hodari. Wengi walifunzwa na wazee wa kampuni ya migodi ya Gécamines ambao hawakuruhusu mtu aruke kinga ya mtambo. Kanuni ileile iletwe majumbani. Fyuzi ikikosekana, mashine ingoje. Mteja aambiwe ukweli na aoneshwe ile ya zamani iliyokatika pamoja na nyuzi zilizotolewa kwenye bomba. Wauzaji wa vipuri waagize fyuzi na themostati kwa wingi, kwa kuwa ni vitu vidogo vinavyoingia mfukoni na vinahitajika kila masika. Na OCC, ofisi iliyopewa tangu 1974 kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, isome kibao cha volti na namba ya modeli pale Kasumbalesa kabla ya kontena kufunguliwa sokoni. Nawe msomaji uliye na mashine iliyowahi kutengenezwa, ipeleke juma hili ifunguliwe nyuma. Ukikuta waya mahali pa fyuzi, usiiwashe tena mpaka fyuzi irudi.