Yurea Ifukiwe



Mtu afunguapo zizi la mbuzi asubuhi hupigwa na harufu kali mpaka macho yakatoka machozi. Kila mmoja wetu hapa Runyenjes aijua harufu hiyo. Lakini si wengi wajuao ya kuwa harufu ile ile yaweza kutoka katika shamba la mahindi lililotiwa yurea, na kwamba hizo ni fedha zetu zinazopaa hewani.

Sababu ni hii. Yurea ya mkojo na yurea ya gunia ni kitu kimoja, cha jamii iitwayo amidi. Udongoni mna vijidudu vitengenezavyo kimeng'enya kiitwacho yurezi, nacho kimo pia katika mimea mingi. Kimeng'enya hiki hutumia maji kuivunja yurea, ikawa amonia na hewa ukaa. Mwaka 1926 James Sumner wa Marekani alikitoa kikiwa safi katika aina ya maharagwe, na mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel.

Yurezi si adui. Ikivunja yurea ndani ya udongo, amonia hushikwa humo, na mizizi hupata chakula. Ikiivunja juu ya ardhi, amonia huruka. Nayo haihitaji maji mengi: umande wa usiku waweza kutosha kuianzisha kazi.

Wapo wasemao, "Mvua itaishusha." Ni kweli, mvua kubwa ikinyesha upesi huishusha. Lakini manyunyu huivunja tu na kuiacha pale pale juu. Nani kati yetu amefanya mapatano na mawingu ya Mlima Kenya?

Gunia la kilo 50 lina nitrojeni kilo 23. Mtu huuza kuku wake apate kulinunua, kisha mahindi yakiwa manjano husema ameuziwa mbolea ya bandia. Huenda ikawa hivyo. Lakini mimi huuliza kwanza: je, uliifukia? Nasi makarani tuna kosa letu. Huandika magunia yaliyochukuliwa, wala hatuulizi yalitiwaje shambani.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mahindi yafikapo magotini, na udongo ukiwa na unyevu, chimba kifuo kando ya shina, umbali wa upana wa kiganja, kina cha inchi 2 au 3. Tia yurea, ufukie papo hapo. Usiitie shimo moja na mbegu, maana amonia huunguza mche. Zizini nako tandika majani makavu yanyonye mkojo, na samadi uifunike.

Najua kufukia kwaongeza kazi, na watu wa nyumbani huchoka. Lakini gunia limekwisha kulipiwa. Tusiache nusu ya kazi ikatupotezea fedha hizo.