Shofere wa Ulaya anasita, mchimbaji wa Tanganyika afanye hesabu gani?

Huko Uingereza kuna motokari moja ambayo watu walianza kuingoja mwisho wa 2023: Range Rover ya umeme. Ni ile ile gari ya wakubwa tunayoijua, lakini haitumii esanse wala mazutu. Ilipaswa kuanza kufikia wanunuzi mwisho wa 2025, kisha kampuni ikasogeza mpaka 2026. Hapa Kongolo hakuna hata mmoja wetu atakayeinunua. Lakini batiri ya gari kama hiyo inaomba madini, na kwenye mashimo siku hizi maneno ni yale yale: litiumu ya Manono inakuja, bei itapanda, tutajenga. Tuangalie kwanza kama hiyo hesabu inasimama.

Wa kwanza anayeshika hiyo hesabu ni shofere wa Ulaya na wa Marekani, naye anasita. Anajiuliza gari itaenda kilometa ngapi mbele ya kuzimika, wapi atatia umeme akiwa njiani, batiri ikichakaa atalipa kiasi gani, na akitaka kuuzisha gari nani atainunua. Serkali zao nazo zinarudi nyuma. Marekani ilikata msaada wa dola 7 500 kwa mnunuzi tangu mwisho wa mwezi wa tisa 2025. Mwezi ule ule Porsche ilisema gari yake mpya kubwa, ile itakayopita Cayenne, itatoka kwanza na moteri ya esanse, si ya umeme peke yake kama walivyopanga.

Wachina hawasiti vile. Mwaka 2024 dunia iliuzisha zaidi ya motokari milioni 17 za umeme, na karibu 2 kati ya kila 3 ziliuzwa Uchina. Kwa hiyo gari ya umeme haijafa. Lakini Mchina anapenda batiri ya bei ndogo, na hapo ndipo sisi Wakongomani tunaguswa.

Tuanze na kobalti. Inchi yetu inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka 2022 tani moja ilipita dola 80 000. Mwanzo wa 2025 ilianguka mpaka karibu dola 21 000. Sababu ni mbili. Kampuni kubwa zilitosha nyingi kupita ile soko iliyoomba. Tena viwanda vya Uchina vilitengeneza batiri ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata gramu moja. Mwaka 2024 karibu nusu ya batiri za magari ya umeme duniani zilikuwa za namna hiyo. Serkali ya Kinshasa ilifunga kusafirisha kobalti tarehe 22 mwezi wa pili 2025, na toka mwezi wa kumi ikaweka kipimo: tani 96 600 kwa mwaka, kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda, ni kweli. Lakini kila bei inapopanda sana, mwenye kiwanda anapata sababu ingine ya kutafuta batiri isiyoomba kobalti.

Sasa litiumu, ile ya jimbo letu. Hii iko ndani ya batiri za namna zote mbili, kwa hiyo haifukuzwi upesi. Lakini bei yake inafuata hesabu ya magari yanayouzwa na mashimo yanayofunguliwa duniani. Mwisho wa 2022 ilikuwa juu kabisa. Mpaka katikati ya 2025 ilikuwa imeanguka zaidi ya 80%. Na ugomvi wa nani mwenye Manono, AVZ ya Australia ao Zijin ya Uchina pamoja na Cominière, umekula miaka mingi.

Kuna neno lingine ambalo wengi hawaambiwi. Litiumu ya Manono haiko sawa na kasiterite ambayo unachimba, unaosha na maji, unapeleka kwa negosian na kurudi na makuta jioni. Ni jiwe gumu, na ndani ya tani moja nzima ya jiwe hupati hata kilo 20 za oksidi ya litiumu. Inaomba mashini kubwa na umeme mwingi. Kwa hiyo mchimbaji wa mikono hataiuzisha kwa kilo. Atakayepata kitu ni yule mwenye kandarasi ya kazi, fundi wa kuunga chuma, shofere wa kamio, mama anayeuzisha unga na mafuta ya ngazi kwa wafanyakazi.

Kasiterite na koltani zetu zina njia yao. Karibu nusu ya bati ya dunia inatumika kuunganisha vyuma vidogo ndani ya simu, redio na ordinateri. Range Rover ya esanse inaiomba, na ile ya umeme vilevile. Mwezi wa tatu 2025 bei ya bati ilipanda London juu ya vita iliyofunga mgodi wa Bisie, kule Walikale. Shofere wa Ulaya hakuhusika hapo.

Ndiyo maana tunasema wazi: baba asiuze shamba, asikope makuta kwa negosian, wala asitoshe mtoto masomoni juu ya habari ya Manono. Anayetaka kwenda, aende na ufundi mkononi, na aone kandarasi kwa macho yake.

Na wajumbe wetu wa Kalemie tunawaomba wadai kitu kimoja kwa kampuni zote: umeme. Kwenye mto Luvua, barrage ya Piana-Mwanga ilijengwa zamani za Wabelgiji juu ya mgodi wa Manono, kisha ikalala miaka mingi. Ikitumika kwa litiumu, sehemu ya umeme wake iingie kwenye manyumba, hospitali na vinu vya watu. Ethiopia ilikataza toka 2024 kuingiza magari ya watu yasiyo ya umeme, kwa sababu ina umeme wa mito na mafuta yanaigharimu dola nyingi. Kigali wapanda moto wanabadilisha batiri njiani kama vile sisi tunajaza esanse.

Shofere wa London anaogopa kukosa fasi ya kutia umeme. Hapa kwetu tunatafuta fasi ya kutia umeme kwenye simu. Hayo madini yakitoka Tanganyika na sisi tukibaki gizani, hata kama magari yote ya Ulaya yanakuwa ya umeme, tutakuwa tumepata nini?