Waundaji wa ndege wasaidiwe, wasishangiliwe tu



Nina dukuduku langu kuhusu vijana wetu wanaojaribu kuunda ndege kwa injini za magari.

Mwaka 2020 habari za Ndugu Adam Kinyekile wa Tunduma, aliyekuwa akiunda helikopta, zilienea nchi nzima. Miaka kumi kabla yake, majirani zetu wa Kenya walimsikia Ndugu Gabriel Nderitu, aliyefunga injini ya Toyota kwenye ndege aliyoijenga mwenyewe. Wako walioshangilia, wako waliocheka. Sikusikia wengi wakiuliza swali lililo kubwa kuliko yote: injini imeunganishwaje na pangaboi?

Hapa kijijini swali hilo si geni. Mafundi wetu wanaofunga injini ya gari bovu kwenye mashine ya kusaga huweka puli ndogo kwenye injini na puli kubwa kwenye kinu, ili kinu kisikimbie kwa kasi ya injini. Safari moja fundi alijaribu kuunganisha shafti kwa shafti, bila mkanda. Wiki haikuisha, shafti ikakatika. Tulikosa unga siku kadhaa, lakini hakuna aliyeumia. Je, ingekatika angani?

Wanafunzi wangu wa Darasa la Saba wamelipigia hesabu jambo hili. Injini nyingi za magari madogo hutoa nguvu yake kubwa zinapozunguka kama mara 5,500 kwa dakika. Pangaboi lenye kipenyo cha mita 1.5 likizungushwa hivyo, ncha yake hukimbia zaidi ya mita 430 kwa sekunde, yaani kuipita sauti, ambayo hewani huenda kama mita 340. Hapo pangaboi hupiga kelele na kula nguvu bure. Likizunguka mara 2,500, ncha huenda mita 196 tu, nalo hufanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo lazima pawepo gia au mkanda wa kupunguza mwendo.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Injini ya silinda nne haisukumi mfululizo, bali hupiga mapigo mawili katika kila mzunguko. Kwenye gari, springi za klachi na matairi hupunguza mishtuko hiyo. Kwenye ndege, pangaboi zito linataka mwendo mmoja, na shafti iliyo katikati hubaki ikisokotwa huku na huku. Mapigo yakiingiana na mtikisiko wa shafti yenyewe, huwa kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: kila msukumo huzidisha mwendo, hata meno ya gia yang'oke. Zaidi ya hayo, pangaboi huvuta kwenda mbele, mzigo ambao injini ya gari haikuundiwa. Inahitajika beringi ya kuubeba.

Hata ndugu wawili Wright wa Marekani, mafundi baiskeli, hawakuepuka adha hii. Injini yao ilizungusha mapangaboi mawili kwa minyororo iliyopunguza mwendo. Mwaka 1903, walipokuwa tayari kuruka, shafti za mapangaboi ziliwaharibikia wakati wa kujaribu injini ardhini. Ilibidi mmoja wao arudi nyumbani akatengeneze nyingine za chuma kigumu zaidi. Waliruka tarehe 17 Desemba mwaka huo. Shafti zile zingengoja kuvunjika angani, huenda tusingewasikia.

Ndugu Mhariri, kuna mwanafunzi wangu anayechonga mapangaboi ya mbao na kuyajaribu kwenye upepo. Kesho atatafuta injini. Akiniuliza aende wapi, nimjibu nini? Kumpigia makofi hakutamwokoa, na kumkataza kutamfanya ajaribu kwa siri.

Ushauri wangu ni huu. COSTECH, VETA, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na Mamlaka ya Usafiri wa Anga washirikiane kuweka mahali ambapo mbunifu ataifunga injini na pangaboi lake kwenye nguzo imara, aiendeshe kwa saa nyingi ardhini, kisha mafundi wa ndege wakague shafti, gia na beringi. Marekani, ndege ya kujiundia yenye injini ya gari kwa kawaida hutakiwa kuruka saa 40 za majaribio, bila abiria, kabla ya kuruhusiwa kubeba mtu. Sisi tuanze na saa za ardhini.

Akili vijana wetu wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kuwakagulia kazi yao kabla ya kuhatarisha maisha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kapalamsenga, Katavi.