Mwanga ukichukua kazi ya shaba, Kolwezi itabaki na nini?

Kila siku malori yanatoka Kolwezi na shaba, yanapita Likasi na Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Sehemu kubwa ya shaba hiyo mwisho wake ni nyaya. Wakati huo huo, watafiti wa Marekani, Asia na Ulaya wanatafuta njia ya kutoa nyaya za shaba ndani ya mashine za kompyuta na kuweka mwanga mahali pake. Kwa jimbo la Lualaba, ambalo mkate wake unatoka kwenye shaba na kobalti, ni haki kuuliza: tuogope?

Wakaaji wa Kolwezi wana sababu ya kuuliza. Mwaka 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 21,000. Migodi yetu wenyewe ilikuwa imejaza soko, lakini kulikuwa na sababu nyingine: viwanda vya China vilikuwa vimeongeza sana betri za chuma na fosfati, ambazo hazina hata gramu moja ya kobalti. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na tangu Oktoba mwaka huo kila kampuni inapewa kiasi chake. Basi tunajua kwamba uamuzi wa mafundi wa mbali unaweza kufika hadi kwenye depo za Musompo.

Tuone kwanza hiyo kazi ya mwanga. Mwaka 1987 wanafizikia wawili, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba kitu chenye matundu au vipande vilivyopangwa kwa utaratibu mdogo sana kinaweza kukataza mwanga wa rangi fulani kupita. Kitu hicho huitwa kristali ya fotoni. Ukiacha njia katikati yake, mwanga hauna pa kwenda isipokuwa kufuata njia hiyo.

Shida ni kona na kasoro. Tundu moja likikosewa kiwandani, mwanga hugonga, hutawanyika, na sehemu yake hurudi ulikotoka. Ni kama lori moja likiharibika kwenye barabara ya Kasumbalesa: yote yaliyo nyuma yanasimama.

Hapo ndipo topolojia inaingia. Hiyo ni hesabu ya mambo ambayo hayabadiliki kitu kikikunjwa. Chukua bangili ya shaba iliyofungwa: ukiigonga kwa nyundo itapinda na kubonyea, lakini tundu lake litabaki mpaka uikate. Mwaka 2008 Duncan Haldane na Srinivas Raghu walipendekeza kwamba kristali za mwanga nazo zinaweza kuwa na tabia ya namna hiyo. Ukiunganisha kristali mbili zenye hesabu tofauti, mwanga hulazimika kupita kwenye mpaka wake, ukizunguka kona na kasoro bila kurudi nyuma. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walithibitisha jambo hilo kwa mawimbi ya mikrowevu na sumaku. Haldane alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya topolojia katika maada.

Bado kuna safari. Kwenye chipu za silikoni, ambako kuweka sumaku ni vigumu, kinga hiyo ina mipaka: kasoro za aina fulani bado zinaurudisha mwanga. Lakini mwanga wa kawaida, bila topolojia, tayari umeanza kubisha hodi. Machi 2025 kampuni ya Nvidia ilitangaza swichi za mtandao ambazo nyuzi za mwanga zinafika hadi ubavuni mwa chipu. Kampuni hiyo hiyo, mwaka mmoja kabla, ilionyesha kabati la kompyuta za akili bandia lenye nyaya za shaba zaidi ya 5,000, urefu wa jumla karibu kilomita tatu.

Je, shaba ya Kolwezi itakufa? Hapana. Mwanga unabeba habari vizuri, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya waya wa umeme. Hauzungushi mota ya gari, wala hauleti umeme wa Nseke mpaka mgodini. Simu za mbali zilishahama kutoka shaba kwenda kwenye nyuzi za kioo tangu miaka ya 1980, na bado dunia imeongeza shaba mwaka hadi mwaka. Gari la umeme linakula karibu kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli. Hata kabati la kompyuta likijaa mwanga, umeme wake unaingia kwa shaba.

Kwa hiyo hofu ya kweli iko mahali pengine. Tunaitazama shaba inayoonekana, na madini ya mwanga yanapita chini ya pua zetu. Ili mwanga ubaki ndani ya unyuzi wa kioo, viwanda huchanganya germaniamu katika kiini chake. Madini hayo yapo Katanga. Yalitoka Kipushi pamoja na zinki na shaba, yakaachwa kwenye takataka za tanuru, lile rundo jeusi la Lubumbashi. Oktoba 2024 kampuni ya STL, ya Gécamines, ilianza kutuma makinikia ya germaniamu kwa Umicore, Ubelgiji. Umicore ndiyo jina jipya la Union Minière, kampuni iliyochimba Katanga kabla mali zake hazijataifishwa mwaka 1967.

China, mzalishaji mkubwa wa germaniamu, iliweka vizuizi vya kuiuza nje Agosti 2023. Kufikia mwisho wa 2024 kilo moja ilipita dola 2,000. Kilo tano zilizidi bei ya tani nzima ya shaba.

Sheria yetu inaliona hilo. Tangu Novemba 2018 kobalti, germaniamu na koltani ni madini ya kimkakati, na redevansi yake ni asilimia 10, wakati ya shaba ni 3.5. Jimbo hupata robo ya redevansi, na mamlaka za chini, yaani komuni, sekta na uchifu, asilimia 15. Lakini redevansi hutozwa kwenye kilichopimwa na kuandikwa. Kisichopimwa kinaondoka bure.

Kolwezi inajua thamani ya takataka. Mabaki ya Kingamyambo na bonde la Musonoi, yaliyotupwa na viwanda vya zamani, leo yanachujwa upya na Metalkol ili kutoa shaba na kobalti. Waliotupa hawakuwa wajinga. Wakati wao mashine na bei havikuruhusu.

Basi wabunge wa jimbo na vyama vya kiraia wana maswali ya kuuliza bila kungoja. Kabla ya mkataba wowote juu ya mabaki, je, madini yote yaliyomo yamepimwa na maabara isiyo ya mnunuzi? Mkataba unasema nini juu ya madini ambayo leo hayana soko na kesho yatakuwa nalo? Na vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi vinapata lini vifaa vya kufanya vipimo hivyo hapa hapa?

Mwanga hautaiondoa Kolwezi sokoni. Kinachoweza kuipunja Kolwezi ni kuuza rundo la mabaki bila kujua kilicho ndani.