MBUNGE HULELEWA NA WALIOMCHAGUA

Ndugu wananchi wa Beni na Butembo, ninyi wachimba dhahabu, mama wa sokoni, madereva na walimu! Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tunasema mbunge naye ni hivyo.

Tukumbuke mwanzo wa wabunge wetu wa mwaka 2019. Tarehe 26/12/2018 CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Kwetu walitaja Ebola na wauaji. Tarehe 30/12/2018 watu wa Beni walinawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga kura yao wenyewe bila mashine ya serikali. Kura hiyo haikuhesabiwa. Tarehe 24/1/2019 rais aliapa. Mwezi uleule Bunge lilifunguliwa Kinshasa, viti vyetu vikiwa vitupu. Wabunge wetu walichaguliwa tarehe 31/3/2019, kama mchimbaji anayefika mgodini wenzake wamekwisha kugawana mashimo.

Kuchelewa huko hakukuwa kosa lao. Lakini kiti walikipata, na mtihani ulikuja upesi.

Tarehe 6/5/2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Magavana na mameya wakaondolewa, askari na polisi wakashika nafasi zao. Bunge la jimbo likanyamazishwa. Raia wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Serikali ilisema ni kwa ajili ya amani. Je, panga lililoanza kuwaua watu wa Beni mwaka 2014 lilirudi alani? Hapana! Tuliendelea kuzika.

Sasa sikieni vizuri. Katiba, kifungu cha 144, inasema utawala huo ni wa siku 30, na kila nyongeza ni ya siku 15, kwa ruhusa ya Bunge. Tena inasema Bunge na Seneti wanaweza kuumaliza wakati wowote kwa sheria. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa mkononi mwa wabunge. Nyongeza zikapita, moja baada ya nyingine. Wako wabunge wa kwetu waliopiga kelele, na tunawashukuru. Wengine je?

Watatujibu kwa kifungu cha 101: mbunge ni wa taifa zima, hapokei amri ya waliomchagua. Vema. Hatuwezi kumwamuru. Lakini ni sheria gani inayotukataza kumwuliza? Na taifa gani hilo lisilo na Beni ndani yake?

Tarehe 20/12/2023 tulipiga kura siku moja na wengine. Udhuru wa kuchelewa umekwisha. Basi tunadai mambo mawili. Kwanza, kila mbunge, akirudi likizo, asimame mbele ya watu aseme alipiga kura gani, kwa jambo gani. Pili, awasemee ndugu wa Masisi na Rutshuru, ambao safari hiyo ndio waliokosa kura, kama sisi tulivyotamani mtu atusemee mwaka 2018.

Na sisi tujionye. Aliyeuza kura yake kwa chupa ya pombe na kipande cha kitenge hana mdomo wa kuuliza. Tusiuze! Tuulize mapema, tuulize pamoja.

Umoja ni nguvu!